Manhattan ya Wiski ya Rai Nyumbani Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kokteli ya Manhattan ina vitu vitatu tu, na vipimo vyake mtu huvishika siku ya kwanza. Kinachowashinda wengi hapa Mombasa ni joto. Wiski iliyokaa kabatini ina nyuzi 30, vermuti huharibika kabla chupa haijafika nusu, na barafu huyeyuka ungali unatafuta kijiko. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanazungumzia friji, barafu na maji kuliko majina ya chupa. Ni ya watu waliotimiza miaka 18, kama sheria ya Kenya inavyotaka.

Manhattan ni kinywaji gani hasa?

Ni wiski ya rai, yaani iliyotokana na nafaka iitwayo rai, iliyokorogwa na vermuti nyekundu na bitazi juu ya barafu, kisha ikachujwa kwenye bilauri iliyopozwa. Barafu haiingii kwenye bilauri. Vermuti ni divai iliyoongezwa nguvu kwa pombe kali na kutiwa mitishamba michungu, mmojawapo ni jamaa wa pakanga. Bitazi ni pombe kali iliyonyonya mizizi, maganda na viungo. Hutiwa kwa kutikisa chupa, haimiminwi.

Jina ni la kisiwa cha Manhattan cha New York, na mapishi yake yamo kwenye vitabu vya baa vya Marekani tangu miaka ya 1880. Kuna kisa kinachorudiwa sana kwamba kiliundwa kwenye karamu ya mamake Winston Churchill mwaka 1874. Hakisimami: mama huyo alikuwa Uingereza na mimba yake, na Winston akazaliwa huko huko tarehe 30 Novemba mwaka huo.

Vipimo vya kinywaji kimoja ni vipi?

Wiski ya rai mililita 60, vermuti nyekundu tamu mililita 30, bitazi ya Angostura mitikiso miwili. Mtikiso mmoja ni karibu mililita moja, kwa hivyo usiuchanganye na tone; tone ni dogo zaidi.

Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, kinaandika 50, 20 na mtikiso mmoja. Hicho ni kikavu zaidi, yaani utamu wake ni mdogo, na si kibaya. Sisi tunashikilia mbili kwa moja, kwa kuwa vermuti nzuri ina mengi ya kusema na 20 huiziba mdomo.

Nianze na nini, nimalizie na nini?

Anza na bilauri. Itie kwenye friza dakika 20 kabla, iwe ya shina ili mkono usiipashe moto, na isizidi mililita 180 kwa ujazo. Kisha chukua jagi ndogo ya kioo au chupa pana ya jamu, tia bitazi, vermuti, halafu wiski. Bitazi hutangulia kwa sababu ukiikosea utamwaga kitu cha shilingi chache, si wiski.

Barafu huja mwisho, na ije kwa wingi: jaza jagi mpaka theluthi mbili, vipande vikubwa na vikavu. Koroga kwa kijiko kirefu, mgongo wa kijiko ukiteleza kwenye ukuta wa kioo, kwa sekunde 30. Barafu izunguke kama kitu kimoja bila kugongana. Onja kwa ncha ya kijiko: pombe ikikuchoma puani bado, ongeza sekunde kumi. Chuja kwa chujio la chai, kamulia mafuta ya ganda la chungwa juu, unywe kingali baridi. Kwenye veranda ya Nyali wakati wa kaskazi una kama dakika kumi tu kabla hakijapoteza umbo.

Sina kile kikombe cha kupimia cha baa.

Kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto kina mistari ya mililita na ni sahihi kuliko vikombe vingi vya baa. Bomba la sindano la mililita 20, jipya na bila sindano, ni bora zaidi. Kijiko cha kupimia cha mezani ni mililita 15, cha chai ni 5. Lakini iwe vijiko vya kupimia, kwa maana vijiko vya kulia havilingani. Usikadirie kwa macho. Tofauti ya mililita 10 za vermuti ni tofauti ya vinywaji viwili.

Kwa nini rai, na si wiski yoyote?

Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano na shayiri. Inaipa wiski ukali wa pilipili manga na ukavu ulimini. Vermuti nyekundu ina sukari ya karibu gramu 150 kwa lita, maana yake mililita 30 zinakuletea kijiko kizima cha chai cha sukari. Wiski laini huzama humo. Rai husimama.

Kwa sheria ya Marekani, wiski ya rai lazima itokane na mchanganyiko wa nafaka wenye rai isiyopungua asilimia 51, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Neno "Straight" kwenye lebo linamaanisha imekaa humo miaka miwili au zaidi. "Bottled in Bond", utaratibu wa sheria ya mwaka 1897, ni miaka minne au zaidi na nguvu ya asilimia 50. Kwa Manhattan tafuta ya asilimia 45 hadi 50. Ya 40 inatosha, ila punguza kukoroga kwa sekunde tano hivi. Jihadhari na chupa za Kanada: huko neno "Rye" linaruhusiwa hata kama rai ni kidogo ndani yake.

Nimezunguka maduka yote, rai hakuna. Nifanyeje?

Hali hiyo ni ya kawaida. Rafu za Mombasa zimejaa wiski za Uskoti na za Bourbon, yaani wiski ya Marekani ya mahindi. Chukua Bourbon yenye nguvu ya 45 au zaidi, punguza vermuti hadi mililita 20 na uongeze mtikiso wa tatu wa bitazi. Mahindi ya Bourbon huleta utamu ambao rai haina, ndiyo sababu ya kupunguza. Wiski ya Uskoti hutoa kinywaji kingine chenye jina lake, Rob Roy, na ni kizuri, mradi usitumie ile yenye moshi mwingi.

Nitajuaje chupa si bandia?

Hapa hatufanyi mchezo. Pombe bandia inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Angalia stempu ya ushuru ya KRA shingoni mwa chupa, uisome kwa programu ya Soma Label kwenye simu, na majibu yalingane na jina la kinywaji na ujazo ulioshika. Kagua kifuniko: kisiwe na gundi iliyopakwa upya wala kulegea. Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine, iache palepale. Na ukimaliza chupa, ichane lebo kabla ya kuitupa, isije ikarudi sokoni na kitu kingine ndani.

Kinywaji changu hutoka maji maji, ingawa nafuata vipimo. Kosa liko wapi?

Kwenye joto la chupa na unyevu wa barafu. Kwanza ujue kwamba maji ni sehemu ya mapishi: Manhattan iliyokorogwa vizuri hupokea mililita 30 hadi 40 za maji ya barafu, na bila hayo ni pombe inayounguza koo. Shida ni yanapozidi.

Kila gramu ya barafu inayoyeyuka hubeba kalori 80 za joto. Mchanganyiko wa mililita 90 ulioanza kwenye nyuzi 30 badala ya 20 una kama kalori 860 za ziada za kuondolewa, sawa na maji zaidi ya mililita 10. Mapishi yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi hayakuhesabu hizo 10. Dawa ni nyepesi: wiski na vermuti zikae friji saa mbili kabla. Jagi pia.

La pili ni barafu. Ile ya mfuko iliyosafiri kutoka dukani kwa tuktuk imeshaanza kuyeyuka, na kila kipande kina koti la maji. Maji hayo huingia kwenye kinywaji bila kupoza chochote. Irudishe friza saa kadhaa, au ipanguse kwa kitambaa safi kabla ya kuitia. Na iwe nyingi. Watu huogopa kwamba barafu nyingi italeta maji mengi, kumbe ni kinyume: vipande vitatu hukaa vikiyeyuka muda mrefu kabla kinywaji hakijapoa, jagi lililojaa hupoza upesi na kazi ikaisha.

Barafu yangu ina ladha ya chumvi.

Ni maji ya kisima. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi iliyobaki huzidi kukolea. Vichujio vya kawaida vya jikoni pia haviitoi. Tumia maji ya kunywa ya mtungi wa lita 20 kwa barafu ya vinywaji. Ikiwa ladha ni ya samaki, basi friza ndiyo yenye makosa: barafu hunyonya harufu, na treya iliyo wazi pembeni ya pweza haitasalimika. Funika treya, au toa vipande vikishaganda uvitie kwenye mfuko wa kufungika. Barafu ya sokoni iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki usiitumie kabisa.

Naweza kutengeneza barafu angavu kama ya hotelini?

Ndiyo, bila mashine. Chukua kile kisanduku kidogo cha kubebea vinywaji ufuoni, kijaze maji robo tatu, kitie friza bila kifuniko. Kuta zinazuia baridi, kwa hiyo maji huganda kuanzia juu kwenda chini, na hewa husukumwa kwenye maji yaliyobaki. Kitoe baada ya saa 18 hadi 24, wakati theluthi ya chini bado ni maji. Ukingoja igande yote, weupe wote utakusanyika chini na huenda kisanduku kikapasuka.

Kabla ya kukata, acha bonge nje dakika tano mpaka ukungu wa juu uondoke. Likikatwa likiwa bado kavu kwa baridi hupasuka ovyo. Weka kisu cha mkate, kile chenye meno, chora mstari, kisha kigonge mgongoni taratibu kwa mchi. Stima ikipotea katikati ya kazi, anza upya. Barafu iliyoyeyuka na kuganda tena haina uangavu.

Kukoroga au kutikisa?

Kukoroga. Kutikisa huingiza hewa na chembe za barafu, kinywaji kikawa na povu na ukungu, na ule uzito laini ulimini ukapotea. Kutikisa ni kwa vinywaji vyenye maji ya ndimu au yai.

Vermuti nimeifungua mwezi uliopita, ipo kabatini. Bado ni nzuri?

Sivyo, na hapa ndipo Manhattan nyingi za Mombasa hufia. Vermuti ni divai. Ina nguvu ya asilimia 15 hadi 18 tu, haiwezi kujilinda kama wiski. Ikifunguliwa, hewa huanza kuila, na joto la nyuzi 30 huharakisha kazi hiyo. Ndani ya friji hukaa vizuri mwezi mmoja, pengine wiki sita. Kabatini hapa Pwani, wiki moja ni bahati.

Ionje peke yake kabla ya kila matumizi. Nzima ina uchungu mwepesi, harufu ya mitishamba na utamu uliochangamka. Iliyochoka imepooza, inafanana na maji ya zabibu kavu, na mwisho wake una uchachu. Usiitupe: inafaa kupikia nyama, lakini bilaurini isiingie.

Njia bora ni kuihamishia kwenye chupa ndogo siku ileile unapoifungua. Chupa nne za mililita 180 zilizooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa, zijazwe mpaka shingoni pasibaki hewa, zote ndani ya friji. Utafungua moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho itakuwa karibu sawa na ya kwanza. Wala usiibadilishe na divai tamu nyekundu. Utamu utaupata, uchungu hutaupata, na uchungu ndio mfupa wake.

Bitazi naweza kujitengenezea kwa viungo vya Marikiti?

Utapata harufu nzuri, ila si uchungu kamili, kwa kuwa ule wa dukani unatokana na mizizi maalumu. Loweka kwenye mililita 100 za pombe kali isiyo na rangi: kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu nne, iliki tatu zilizopondwa, na ganda la nusu danzi pamoja na weupe wake kidogo, maana huo ndio wenye uchungu. Funga, tikisa kila siku, chuja siku ya tano. Karafuu zisizidi nne, la sivyo kitanukia dawa ya jino.

Ushauri wetu bado ni kununua chupa. Mililita 200 ni karibu mitikiso 200, yaani vinywaji 100, na bitazi ya Angostura ina pombe asilimia 44.7, kwa hivyo haihitaji friji.

Lazima niwe na cheri?

Hapana. Zile nyekundu za kung'aa za kupambia keki zina sukari na rangi tu, na huvuruga kinywaji. Ganda la chungwa linatosha. Machungwa yetu hubaki kijani kwa sababu usiku wa Pwani hauna baridi ya kuyageuza rangi, lakini mafuta yamo. Bora zaidi ni danzi: harufu yake ni kali na nyembamba, nayo huenda na rai kana kwamba vilipangwa pamoja. Osha tunda kwa maji ya moto, menya kipande cha urefu wa kidole bila weupe, kikunje juu ya bilauri upande wa rangi ukielekea kinywaji, ukipitishe ukingoni. Anayetaka kitu cha kutafuna alowekee zabibu kavu ndani ya wiski siku tatu.

Ni tamu mno. Au ni kali mno.

Tamu mno: onja vermuti kwanza, kisha ishushe hadi 25. Kali mno: hujakoroga vya kutosha, au wiski ilikuwa friza. Wiski haigandi kwenye friza ya nyumbani, lakini ikiingia na baridi hiyo barafu haiyeyuki inavyopasa na kinywaji hukosa maji. Ongeza kijiko cha mezani cha maji baridi ya kunywa ukoroge tena. Ikinukia dawa ya kikohozi, bitazi imezidi.

Nina wageni wanane. Nikoroge mara nane?

Usijitese. Changanya kwenye chupa inayozidi lita moja kidogo: wiski mililita 500, vermuti 250, maji ya kunywa 250, na bitazi vijiko viwili vya kupimia vya chai. Kwenye mchanganyiko mkubwa bitazi hujitokeza zaidi, ndiyo maana si mitikiso 16 kamili. Onja, kisha ongeza. Funga, weka friji tangu asubuhi, halafu friza saa moja au mbili kabla ya kuandaa. Usiilaze friza usiku kucha: kwa maji hayo nguvu yake imeshuka hadi kama asilimia 26, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri itaanza kuganda ikawa rojo. Kila mgeni ni mililita 120, moja kwa moja kwenye bilauri baridi, bila barafu.

Mmoja wa wageni hanywi pombe. Nimtie bitazi na maji ya chungwa?

La, tafadhali. Bitazi ni pombe, na kwa Muislamu hilo si jambo la kupuuza. Wala usimtumilie jagi au kijiko chenye pombe. Mwandalie chake kwa heshima ileile. Pika turungi kali: vijiko viwili vya majani ya chai, mililita 200 za maji yanayochemka, karafuu moja na iliki moja, dakika tano, chuja na upoze. Koroga kwa barafu mililita 60 za turungi hiyo, 20 za ukwaju mzito, 10 za shira na kijiko cha chai cha kahawa tungu kwa ajili ya uchungu. Chuja, malizia na ganda la danzi. Kina uchungu, uchachu na utamu wa mtu mzima, na hakuna atakayeona amepewa soda.

Friji yangu si ya kutegemea. Kuna kinywaji kingine cha rai?

Tengeneza Old Fashioned, haina vermuti. Wiski mililita 60, kijiko kimoja cha chai cha shira, mitikiso miwili ya bitazi, koroga juu ya bonge moja kubwa la barafu na uache humo humo. Tumia shira, kwa kuwa sukari ya chenga haiyeyuki vizuri kwenye pombe na itakusubiri chini. Shira ni sukari na maji kwa uzito sawa. Ya sukari guru inapendeza hasa.

Ina nguvu kiasi gani?

Kwa wiski ya asilimia 45, Manhattan moja ina karibu mililita 32 za pombe halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina 21. Yaani bilauri hii ndogo ni bia moja na nusu, na huingia upesi kuliko bia. Mbili zinatosha kwa jioni, na baada ya hata moja usishike usukani. Mwachie dereva wa teksi.

Chupa ya wiski niitunze vipi?

Isimame wima, isilale kama divai, kwa sababu pombe kali hula kizibo. Iwe mbali na dirisha linaloelekea jua. Ikifungwa vizuri hukaa zaidi ya mwaka, ila ikibaki robo hewa inazidi ndani, kwa hivyo ihamishie kwenye chupa ndogo au iite ile jioni ya watu wanane.